Mizani Iko Mkononi: hotuba kwa waundaji wa gemu za mkakati

Ndugu zangu, nawasalimu.

Nilipoalikwa niliambiwa mambo mawili: nizungumzie usawa wa pande katika toleo la pili la gemu ya mkakati ya papo kwa papo, na nisizidishe dakika ishirini. Hilo la pili sikuliahidi. La kwanza naanza nalo sasa hivi, na naanza na viumbe wawili tu.

Marine, askari wa miguu katika gemu ya StarCraft II, ana uhai wa 45. Baneling ni yule mdudu wa kijani anayebingirika hadi miguuni pako kisha anajilipua, na mlipuko wake humpunguzia askari mwepesi kama Marine uhai wa 35. Hesabu ni ya mtoto wa shule: Baneling mmoja hamuui Marine, wawili wanamuua. Mpe Marine ngao ya kumfikisha uhai wa 55, bado wawili wanatosha, maana 35 mara mbili ni 70. Lakini mlipuko hauchagui mtu. Unampata kila aliyesimama ndani ya duara. Marine 20 wakibanana mahali pamoja, Baneling wawili wanawafuta wote. Marine mmoja ni madini 50, kwa hiyo hapo umepoteza madini 1,000. Mwenzako amepoteza madini 100 na gesi 50.

Sasa rudisha mkanda nyuma sekunde mbili. Mchezaji yule yule amewaona wadudu wanakuja. Anawavuta askari nyuma, anakata kundi katikati, nusu kushoto nusu kulia, anakata tena kila nusu, tena na tena, mpaka kila Marine yuko peke yake kama mti shambani. Baneling wawili wakifika wanakuta mtu mmoja. Madini 50 yamekwenda, na mwenzako ametumia mara tatu ya hapo ukijumlisha na gesi yake.

Niambieni, kati ya Marine na Baneling nani ana nguvu kuliko mwenzake? Uhai haukuguswa, bei haikuguswa, kasi haikuguswa. Kilichobadilika ni vidole vya mtu mmoja kwa sekunde mbili. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa wiki kadhaa najifunza kuwakata Marine namna hiyo. Mazoezini nilikuwa naweza. Kwenye mechi, mara tatu naweza, mara ya nne mkono unatetemeka na naua jeshi langu mwenyewe.

Ninachotaka kusema leo ni hicho tu, mengine yote ni ushahidi. Sisi tunaotengeneza gemu hizi tumezoea kutafuta usawa kwenye jedwali la namba. Tunakaa mbele ya safu na mistari, tunaongeza uhai hapa, tunapunguza masafa pale. Lakini namba za jedwali ni nusu ya mzani. Nusu ya pili ni namna mchezaji anavyotoa amri: anaweza kuchagua yuniti ngapi, yaani askari, mashine au viumbe wa jeshi lake, kwa mkupuo, askari wanatembeaje wakiachwa wenyewe, ni kazi gani gemu inamfanyia na ni ipi inamwachia. Na tukifika kwenye toleo la pili, ni nusu hiyo hiyo tunayoibadilisha bila kujua kwamba tumegusa mzani.

Kwa nini toleo la pili hasa? Kwa sababu toleo la kwanza lilisifiwa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu walipenda gemu yako ikiwa na vidhibiti vyake vigumu. Unasema, sasa nitawarahisishia. Hakuna anayepinga. Mbofyo mmoja badala ya mitano, nani akatae? Kisha gemu inatoka na upande mmoja unawakanyaga wengine, nawe unarudi kwenye jedwali kutafuta kosa. Kosa halipo huko.

Turudi nyuma kidogo. Dune II ya mwaka 1992 ilikuruhusu kuamuru yuniti moja tu kwa wakati mmoja. Ukitaka vifaru kumi viende kaskazini, unaviendea kimoja kimoja kama mwalimu anayeita majina. Warcraft ya mwaka 1994 ikakupa yuniti 4. Warcraft II, mwaka 1995, 9. StarCraft, mwaka 1998, 12. Ukizipanga hivyo zinafanana na ngazi, unadhani kompyuta zilikuwa zinapata nguvu na kikomo kikawa kinapanda nazo. Patrick Wyatt, aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa programu ya Warcraft, ameeleza vingine. Mwanzoni aliandika uchaguzi usio na kikomo. Ile 4 iliwekwa baadaye, baada ya mabishano ndani ya timu, ili mchezaji alazimike kuwapanga askari wake badala ya kuzoa umati na kuusukuma mbele.

Yaani kikomo kilikuwa uamuzi wa muundo. Na ukikiweka kikomo, umeweka kodi. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu.

Chukueni StarCraft ya 1998, yenye pande tatu: Protoss, Terran na Zerg. Jeshi lote haliruhusiwi kuzidi nafasi 200. Tuseme mchezaji amebakiza nafasi 120 za wapiganaji, nyingine ni vibarua. Upande wa Protoss, Zealot mmoja anakula nafasi 2, kwa hiyo 120 ni Zealot 60. Gawanya kwa 12: makundi 5. Upande wa Terran, Marine anakula nafasi 1, kwa hiyo Marine 120, makundi 10. Upande wa Zerg, Zergling anakula nusu nafasi. Hao ni Zergling 240. Makundi 20! Na vitufe vya namba kwenye kibodi, vya kuhifadhia makundi, ni 10 tu.

Kanuni ni ile ile kwa wote, “yuniti 12”, lakini mwenye Zealot anatoa amri tano jeshi zima liondoke, na mwenye Zergling anatoa ishirini. Kodi iliyoandikwa kwa haki kabisa inamtoza mmoja mara nne ya mwenziwe. Upande wa umati, ambao hadithi yake yote ni kufurika kama maji, ndio unaobanwa zaidi mlangoni.

Mbona basi Zerg hawakuwa wanyonge? Kwa sababu walirudishiwa nafuu mlango wa nyuma. Katika gemu ile huwezi kuchagua majengo mengi pamoja. Mwenye Terran ana kambi za askari sita, basi azitembelee zote sita, moja moja, kila baada ya muda mfupi, mechi nzima. Mwenye Zerg anazalisha kutokana na mabuu, na mabuu ni yuniti, yanachagulika kwa mkupuo. Analipa kodi kubwa vitani, analipa ndogo kiwandani. Sijui kama kuna mtu alikaa akaikokotoa hivyo mwanzoni. Lakini namba zote zilizopangwa baadaye, mpaka sasisho la mwisho la usawa mwaka 2001, zilipangwa juu ya vidole vilivyokuwa vinalipa kodi hizo.

Na baada ya sasisho hilo la 2001, hebu fikirini, namba hazikuguswa tena, lakini gemu ikaendelea kubadilika kwa miaka mingi. Ilibadilishwa na ramani, na ilibadilishwa na mikono. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mutalisk, yule mdudu arukaye wa Zerg. Wachezaji waligundua kwamba ukichukua Mutalisk 11 na yuniti ya kumi na mbili ukaweka Overlord, kiumbe mwingine wa Zerg, aliye mbali, kundi zima linaacha kupangana kwa mstari. Gemu inaona kundi limetawanyika mno, kwa hiyo inampeleka kila mmoja kwenye nukta ile ile uliyobofya. Mutalisk 11 wanarundikana wanakuwa kama ndege mmoja. Wanapiga pamoja, wanageuka pamoja, wanaondoka kabla hujajibu. Kabla ya hapo Mutalisk kumi na moja walikuwa wanafika kwa zamu, kama wageni wa harusi. Baada ya hapo wakawa panga.

Hakuna aliyeubuni ujanja ule. Ni mabaki ya namna kompyuta ilivyopanga mwendo wa makundi. Lakini pambano la Zerg na Terran lote, namna Terran anavyojenga minara, wakati anaotoka nje ya kambi, idadi ya madaktari anaobeba, vikapangwa upya kuuzunguka. Ungewauliza mafundi wa programu wangekuambia ni hitilafu, irekebishwe. Ungewauliza wachezaji wangekutoa mbio. Katika StarCraft II ya mwaka 2010 wale Mutalisk husambaa wenyewe, ujanja ule hauna pa kushika, na Mutalisk ni kiumbe mwingine mwenye jina lile lile.

Hapo ndipo tunafika kwenye toleo la pili lenyewe. Mwaka 2010 kodi zote mbili nilizozitaja zilifutwa. Chagua jeshi lote kwa mkupuo mmoja. Chagua kambi zote za askari, weka kwenye kitufe kimoja, agiza. Vibarua wapya wakaanza kwenda kuchimba wenyewe. Askari wakaacha kukwama kwenye kona. Wanatiririka kama mafuta na kusimama wamebanana bega kwa bega.

Tazameni neno hilo, wamebanana. Linaonekana ni jambo la kupendeza macho tu. Lakini jeshi lililobanana lina bunduki nyingi zaidi zinazofika kwa adui kwa wakati mmoja, kwa hiyo silaha za mbali zinapata nguvu bila namba yake kuongezwa. Na jeshi lililobanana linakufa haraka zaidi kwa chochote kinacholipuka kwa eneo. Ndiyo maana yule Baneling wa mwanzo anatisha. Mweke Baneling kwenye gemu ya 1998, ambamo askari wanatembea wamechanika mistari kama watoto wanaotoka shule, na thamani yake inashuka bila wewe kugusa kitu.

Dhoruba ya umeme ya Protoss inaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Zamani ukichagua makuhani watano ukaamuru dhoruba, wote watano wanaipiga mahali pamoja, na dhoruba mbili juu ya nukta moja haziongezi madhara. Umetupa nne. Kwa hiyo mchezaji alilazimika kumchukua kuhani mmoja mmoja, katikati ya vita, huku wanapigwa risasi. Toleo la pili likasema: ukiamuru, atapiga mmoja tu, aliye karibu, na ukibofya tena atapiga mwingine. Dhoruba tano sasa ni mibofyo ya sekunde moja. Na madhara ya dhoruba moja? Zamani yalikuwa 112. Gemu ya 2010 ilipotoka, 80. Mimi naisoma tofauti hiyo kama bei ya urahisi: mkono ukirahisishiwa, silaha lazima ipunguziwe makali.

Kwa Reaver na Colossus, silaha mbili nzito za Protoss, sitawachelewesha. Wa zamani alikuwa konokono wa kubebwa kwa ndege, bomu lake mara nyingine linapotea njia. Wa 2010 anatembea kwa miguu mirefu na mwali wake haukosi. Watazamaji walimlilia Reaver miaka yote. Nawaelewa, ingawa naamini nusu ya machozi yale ni ya ujana uliopita.

Baada ya kufuta kodi zile, waundaji wa StarCraft II waligundua kwamba mikono imebaki haina kazi kambini. Wakabuni kazi mpya, kila upande yake. Zerg wana Queen, ambaye lazima aamriwe kumwagia kiota mabuu kila baada ya kama nusu dakika. Terran wana kituo kinachoshusha MULE, mashine ya kuchimba madini. Protoss wana uwezo wa kuharakisha jengo moja kwa muda. Ni kodi tatu tofauti, moja kwa kila upande, na zote zinatozwa kwa kidole.

Sasa ulizeni swali ambalo wengi hawaulizi: mchezaji akisahau inakuwaje? Mwenye Terran akisahau dakika moja na nusu, nguvu ya kituo inajilimbikiza. Akikumbuka anashusha MULE wengine kwa mpigo, na sehemu kubwa ya hasara inarudi. Mwenye Protoss hali kadhalika, nguvu inamngoja. Mwenye Zerg akisahau, muda ule umekwenda. Kiota hakikupokea mimwago miwili kwa pamoja. Nusu dakika iliyopita bila amri haikurudi. Ilikuwa hivyo mpaka sasisho la mwishoni mwa 2016 lilipomruhusu kuzipanga amri hizo kwenye foleni. Miaka sita kosa lile lile la kibinadamu, kusahau, lilikuwa na bei tatu.

Kwa bingwa asiyesahau, tofauti hiyo haionekani. Kwa mchezaji wa kawaida ndiyo gemu yenyewe. Ukitaka kujua kama pande zako ziko sawa, usipime tu matokeo ya mchezaji anapofanya vizuri. Pima makosa. Chukua kosa moja, uliingize kwa makusudi katika kila upande, uone kila mmoja anaanguka umbali gani.

Mwaka 2015, wakati wa majaribio ya Legacy of the Void, nyongeza ya StarCraft II, walijaribu hata kuziondoa kodi hizo kabisa. Haikukaa. Kabla gemu haijatoka Novemba mwaka huo zilirudi zikiwa zimepunguzwa, Queen akamwaga mabuu 3 badala ya 4. Sioni aibu katika kurudi nyuma kule, na nadhani lilikuwa jaribio la kijasiri kuliko mengi tunayoyafanya. Lakini lilionyesha ugumu: ukichomoa tofali la mikono baada ya miaka mitano, nyumba yote ya namba imeegemea hapo.

Nina ushahidi mwingine, na huu haumhusu binadamu. Januari 2019 kampuni ya DeepMind ilionyesha programu yake, AlphaStar, iliyocheza StarCraft II dhidi ya wachezaji wa kulipwa wawili, TLO na MaNa. Iliwashinda wote 5 kwa 0, kisha MaNa akashinda mechi moja ya moja kwa moja mbele ya watazamaji. Mechi zote zilikuwa Protoss kwa Protoss. Shikeni hilo vizuri: upande mmoja dhidi ya upande ule ule. Hapo hakuna hoja ya upande kuonewa.

Katika mojawapo ya mechi hizo MaNa alitengeneza Immortal, na alikuwa na haki. Immortal amebuniwa hasa kuvunja yuniti zenye deraya nzito, na Stalker ana deraya nzito. Kwa jedwali, Immortal anamla Stalker. AlphaStar ikaja na Stalker tele. Ikawagawa makundi, ikamzunguka mwenzake pande tatu, na kila Stalker aliyekaribia kufa akarushwa nyuma dakika ile ile kwa ule uwezo wao wa kuruka, kisha akarudi kupigana. Immortal wakawa wanapiga hewa. Wastani wa amri zake kwa dakika ulikuwa chini ya wa mpinzani wake, lakini wakati wa mapigano amri zilipanda juu kuliko mkono wowote wa binadamu, na kila moja ilifika mahali pake.

Watu wengi walijadili kama ule ulikuwa ushindi wa akili au wa kasi. Mjadala mzuri, mimi sina haja nao leo. Mimi niliona mzani ukipinduka bila namba kuguswa. Kanuni ya “huyu anamla yule” iliyokuwa imekaa miaka ilikuwa na maneno madogo chini yake yasiyoandikwa: huyu anamla yule, maadamu mkono ni wa binadamu.

Kuna aliyeniuliza pale nje kabla hatujaingia, mbona basi tusitazame takwimu za ushindi, zitatuambia ukweli? Zitakuambia, ukijua kuzisoma. Mfumo wa kupanga wapinzani kazi yake ni kukupa mpinzani wa kiwango chako. Ukishinda sana anakuja mgumu zaidi, ukishindwa anakuja rahisi, mpaka unashinda nusu na kupoteza nusu. Sasa tuseme upande mmoja una nguvu kupita kiasi. Wanaoucheza watapanda ngazi. Watapanda mpaka wakutane na watu wanaowazidi uwezo kiasi kile kile upande wao unachowabeba, na hapo watatulia kwenye nusu kwa nusu. Wewe unatazama takwimu za jumla unaona asilimia 50, unafunga kompyuta unakwenda kulala. Mzani umepinda, sindano yake imesimama katikati.

Kwa hiyo tafuteni kwingine. Tazameni upande gani umejaa ngazi ya juu na upande gani ngazi ya chini. Tazameni mechi inachukua muda gani kabla ya kuamuliwa. Na muhimu kuliko yote, kaeni nyuma ya mchezaji mtazame mikono yake.

Nitawapa mfano wa namba moja ndogo iliyokuwa mkono uliojificha. Mei 2012, katika StarCraft II, Queen wa Zerg aliongezewa masafa ya kupiga ardhini kutoka 3 hadi 5. Hatua mbili tu. Lakini Hellion, gari la Terran la kuchoma vibarua, masafa yake ni 5. Kabla ya hapo mwenye Hellion hodari alikuwa anapiga kutoka 5, anarudi nyuma, anapiga, anarudi, na Queen aliyefika 3 hamgusi. Terran alikuwa anailipia faida ile kwa vidole vyake. Zerg naye alilazimika kumkimbiza, kumpanga, kuziba mlango. Baada ya sasisho, Queen anasimama tu na kujibu. Vidole vya Terran vikakosa cha kununua. Zerg akapata utulivu wa kufungua kambi ya tatu mapema, na mwaka ule ukaisha kwa mechi nyingi za majeshi yale mazito ya mwishoni ambayo Terran na Protoss waliyaogopa. Ukiuliza jedwali litakuambia “masafa, jumlisha 2”. Kilichotokea ni kwamba ujuzi mzima wa mkono ulifutwa siku hiyo.

Sisemi ilikuwa makosa kuufuta. Nasema ujue unachokifuta.

Na tusidhani ni StarCraft peke yake. Age of Empires II ya mwaka 1999 ilitoka na mataifa 13. Pande tatu zinakupa mapambano 3 ya pande tofauti, pande nne 6, lakini mataifa 13 ni mapambano 78, hakuna binadamu atakayeyapima yote kwa namba. Waliyaweza kwa sababu mataifa yale yanafanana mwili na mkono, yanatofautiana nguo. Vidhibiti ni vile vile, kazi za kijijini ni zile zile. Ndiyo njia ya pili ya kupata usawa, na si ya kudharau: ukitaka pande nyingi, zifanye mikono ifanane. Ukitaka pande chache zenye roho tofauti kabisa, jiandae kumlea kila mmoja na kodi yake.

Nimalizie na aibu, maana bila aibu mtu hajifunzi. Niliwahi kusaidia timu ndogo iliyokuwa ikitengeneza toleo la pili la gemu yao. Pande mbili: mmoja una majitu machache ya chuma, ghali, mazito, mwingine umati wa vijidude vya bei rahisi. Tulikaa miezi na jedwali mpaka pande zikalingana kabisa. Wiki za mwisho, mmoja wetu akaleta wazo zuri. Akaweka kitufe: yuniti ikijeruhiwa sana, irudi nyuma yenyewe. Hiari, kwa pande zote, haki sawa. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Siku ya majaribio nikakaa nyuma ya dada mmoja mwenye vijidude. Alikuwa anacheza vizuri, vizuri kuliko sisi tulioitengeneza. Jitu linapigwa, linapigwa, likifika robo ya uhai linageuka linaondoka, linatengenezwa, linarudi. Vijidude vyake navyo vilikuwa na kitufe kile kile, kimewashwa. Akaniuliza bila kugeuka, macho kwenye kioo: “Hivi vyangu vinarudi nyuma saa ngapi?”

Nikatazama. Kijidude kikipigwa mara moja, kinakufa. Kati ya mzima na maiti hakina hatua ya katikati. Hakina robo ya uhai ya kukimbia nayo. Tulikuwa tumewapa wote mwavuli, na mmoja wao ni samaki.

Tukakitoa kitufe. Baadaye kikarudi, lakini kwa umati tukakigeuza: kundi zima linarudi nyuma likipungua nusu. Ikachukua wiki tatu, na jedwali likafumuliwa lote. Tangu hapo utaratibu wangu ni kufunga vidhibiti kwanza, vigande, pasiwe na mtu wa kuvigusa, ndipo namba zianze. Na kila wazo la kurahisisha likiletwa mezani, kabla ya makofi naomba lichezwe na kila upande, na aliye nyuma ya kiti aandike ni vidole vya nani vimepumzika.

Swali lililobaki huwa ni hili: basi tusirahisishe? StarCraft ya zamani ilipofanyiwa ukarabati mwaka 2017, picha zikasafishwa, sauti zikasafishwa, kikomo cha yuniti 12 kikaachwa palepale. Walijua wakigusa kile wametengeneza gemu nyingine. Lakini ninyi hamkarabati, mnatengeneza gemu ya pili, na mna ruhusa ya kugusa. Mimi sina jibu moja. Nina kompyuta mbili pale ukutani, nimeomba ziwashwe. Zote zina ramani ile ile, pande zile zile mbili, namba zile zile. Ya kushoto inachagua yuniti 12, ya kulia haina kikomo. Nawataka watu wawili wacheze kushoto, kisha wahamie kulia bila kubadilisha pande, na sisi wengine tutasimama nyuma yao kutazama mikono.

Nani anachukua umati?